Ukuta Walioubomoa Mbele ya Kamera

Boriti ya kwanza ilinipiga bega. Ya pili ikanilalia mkono wa kulia, na udongo wa dari ukamwagika hadi nikawa nautafuna. Nilikuwa nimetoka kusali adhuhuri, nimeshika sinia ya halua. Majirani walinifukua kwa mikono. Daktari wa hapa Ibra, Omani, akaniambia nishukuru nimebaki na roho. Nimeshukuru. Lakini vidole vitatu havikunjiki tena, na mie nilikuwa mshona kofia. Kofia zangu zikivaliwa mpaka Sur.

Sasa niwataje walionifanya hivi. Majina siandiki, wenyewe watajijua.

Wa kwanza mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Yeye na mkewe walikuwa hawakosi kile kipindi cha useremala na kutengeneza nyumba kwenye televisheni ya umma. Akaionea haya nyumba yetu ya udongo, akawaandikia waje.

Wakaja. Mtangazaji kanzu nyeupe pe, ananiita khalati kana kwamba mama yake nimezaliwa naye. Na fundi wao, yule anayefundisha watu kupiga randa, penseli sikioni.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vyembamba, ukuta mmoja kati. Wao walitaka majlisi moja pana ya kupokelea wageni.

"Khalati, hivi ni vyumba au vichochoro?" mtangazaji akauliza. Watu wa kamera wakacheka.

Nikamwambia ni vyembamba kwa sababu boriti ni za mikoko ya Afrika, na mkoko haurefuki. Urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Ncha za huku na ncha za kule zote zimelala juu ya ukuta wa kati. Mie nimesoma madrasa na darasa nne tu, lakini baba yangu alikuwa mwashi Unguja kabla hajaja huku. Hilo nililijua kabla sijajua kuandika.

"Usijali, bibi," fundi akasema. "Tutaziunga kwa vyuma. Chuma na mti, kipi kigumu?"

"Na hicho chuma kitakaa juu ya nini?"

"Juu ya baraka za Mungu!" Wakacheka tena.

Mdogo wangu akanivuta pembeni. "Dada, wallahi unatutia aibu. Mwenzio kasomea."

Nikaenda kukusanya vikombe. Mwanamke wa kwetu habishani na mgeni aliyekwisha kunywa kahawa yake. Adabu hiyo ndiyo iliyonikata mkono.

Wakaubomoa. Vyuma wakavipaka rangi ya mti visionekane. Kwenye kipindi naonekana nalia, na mtangazaji anawaambia watu ni machozi ya furaha. Mwongo! Nilikuwa naulilia ukuta.

Mvua ya mwanzo ilinyesha siku mbili. Udongo wa dari ukanywa maji, ukawa mzito, vyuma vikachomoka na misumari yake.

Mdogo wangu akampigia simu mtangazaji. Akajibiwa: "Dada yako kaweka tangi la maji juu ya dari." Na yeye, anayejua kuwa tangi letu liko uani chini ya mtende, akayabeba maneno hayo akayatembeza mji mzima. Kwake ni rahisi kuliko kusema, "Nilikosa." Leo nikienda arusini wanawake wananiuliza habari za tangi. Na kile kipindi bado wanakirudia kila Ramadhani. Watu wananiambia, "Tumekuona, ulipendeza!"

Sitaki nyumba, wala mkono siudai, haurudi. Wewe mtangazaji, njoo na kamera zako, uje na fundi wako, na mdogo wangu asimame kati yenu. Waambie watu walewale waliokupigia makofi nani alikukataza kuubomoa ule ukuta. Kisha unijibu, uso kwa uso: hilo tangi uliliona lini, na uliliona wapi?