Hamsini na Nane ya Jismi

Matokeo ya mwaka wa pili yalitoka Alhamisi mchana. Jismi Kuriakose alikuwa amekaa kwenye ngazi za bweni, sahani ya wali na samaki mapajani, simu mkononi. Mtandao wa chuo kikuu ulimzungusha na kumzungusha kama karani anayesubiri saa ya kula. Ulipofunguka, aliyasoma matokeo kutoka chini kwenda juu, maana habari mbaya hupenda kukaa chini. Amefaulu. Masomo yote, kwa mkupuo mmoja. Wastani, asilimia hamsini na nane.

Alipiga ukelele, samaki akateleza ngazi tatu.

Asiyesomea uuguzi atauliza kelele za nini. Basi ajue kwamba darasa lao lilikuwa na wanafunzi sitini, na waliovuka bila kunaswa hata na somo moja walikuwa ishirini na watatu. Waliobaki walikuwa wakilia vyooni kwa zamu, kwa kuwa vyoo vyenyewe ni vinne. Na huyu Jismi ndiye aliyepata thelathini na moja kwenye jaribio la somo la dawa, akasimamishwa mbele ya wenzake na Sista Philomina, mtawa mwenye miwani minene na ulimi mwembamba. "Wewe na dawa, Jismi," Sista alimwambia, "mtakuja kukutana siku utakapolazwa."

Darasa lilicheka. Jismi naye akacheka, kisha akaenda kubandua kalenda zote kuukuu za parokia kwenye kuta za bweni, akazigeuza nyuma, akaanza kupiga hesabu. Matone kwa dakika, miligramu kwa kilo. Miezi minne watakatifu walilala kifudifudi ili yeye apate pa kuandikia. Siku moja wodini aliona dripu ya mzee mmoja inakimbia mara mbili ya ilivyoandikwa. Akaipunguza, akaenda kusema, akafokewa kwa kimbelembele. Nusu saa baadaye muuguzi yule yule aliyemfokea alimletea chai. Chai haiandikwi kwenye cheti. Lakini hamsini ya somo la dawa, hamsini kavu, alama ya kufaulia yenyewe bila hata punje ya ziada, hiyo iliandikwa.

Ijumaa akapanda basi kwenda kwao Pallikkunnu, amejaa hamsini na nane yake kama mtu aliyekula pilau ya harusi.

Aliposhuka njia panda alijiona juu ya nguzo ya umeme.

Lilikuwa bango la plastiki, refu kuliko baba yake. Uso ulikuwa wa Jismi, uliokatwa kutoka picha ya ubatizo wa binamu yake. Mwili ulikuwa wa muuguzi fulani wa kizungu wa kwenye mtandao, hivyo shingo ilikuwa na rangi ya chai na mikono ilikuwa na rangi ya muhogo uliochemshwa. Chini yake: HONGERA JISMI, MALAIKA WETU! UUGUZI MWAKA WA PILI, ASILIMIA 68! NI SISI FAMILIA, MAJIRANI NA WAPENDA MAENDELEO WA PALLIKKUNNU.

Ile sita ilikuwa kubwa kama kikapu.

Nyumbani mama yake, Aleyamma, alikuwa jikoni akikuna nazi kwa nguvu za mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Umeliona?" aliuliza kabla ya salamu. "Limekaa vizuri? Mwenye duka alitaka kuliweka nyuma ya mfenesi, nikamwambia, mwanangu si popo."

"Mama, nimepata hamsini na nane."

"Najua. Ulinipigia simu jana."

"Bango linasema sitini na nane."

"Bango nililichapisha wiki mbili zilizopita."

Jismi akaweka begi chini. "Wiki mbili zilizopita matokeo yalikuwa hayajatoka."

"Ndiyo maana!" Aleyamma aliinua kikunio kama mwalimu anayeinua chaki. "Mwaka jana nilisubiri matokeo kama mjinga. Siku yalipotoka, mji mzima ulikuwa kwenye foleni ya mabango, na jirani Saramma akaichukua nguzo ya mbele ya kanisa. Mwaka mzima nakwenda misa namtazama mtoto wake Tintu na asilimia sabini na nne. Mwaka mzima! Safari hii nikasema, nguzo kwanza, alama zitafuata."

"Sasa hiyo sitini na nane uliitoa wapi?"

"Nilifunga Jumanne tisa kwa Mtakatifu Antoni."

"Mtakatifu Antoni ndiye aliyekuambia sitini na nane?"

"Hakuniambia. Ila nilipoandika hakunikataza."

Jismi akamgeukia baba yake. Kuriachan alikuwa mlangoni akinoa kisu cha kugemea mpira. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa alikuwa amejifunza kunoa kisu hicho kila ugomvi unapoanza, na hapakuwa na kisu kikali kama chake wilaya nzima.

"Baba, sema neno."

"Mimi?" Akakitazama kisu. "Mimi nilidhani umeme utakatika, watu wasisome."

"Ni tarakimu moja tu," mama yake alisema. "Kwa tarakimu moja unataka kuniaibisha?"

"Nikuaibishe mimi? Mama, thelathini na saba wamefeli!"

"Usiseme hivyo mbele za watu, watadhani chuo chenyewe ni kibovu."

Hapo ndipo Jismi alipoanza kusikia joto masikioni. Angekuwa amefeli wangemwonea huruma. Angepata themanini wangembeba mabegani. Amepata hamsini na nane, ameisotea kwa migongo ya kalenda, na hakuna hata mtu mmoja nyumba nzima anayeitaka. Alikuwa amewaletea mtoto mzima mwenye afya, nao wanauliza pacha wake yuko wapi.

Jioni Shangazi Mercykutty, nesi wa siku nyingi huko Ireland, alipiga simu ya picha. Jismi akamweleza, akitumaini kwamba mwenye fani angalau ataelewa.

"Hamsini na nane?" Shangazi aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mapafu ya mgonjwa. "Si mbaya, si mbaya. Kwa mtoto wa Kuriachan, si mbaya hata kidogo."

Kuriachan akanoa kisu.

Jambo lenyewe lingeishia kwenye nguzo, Jismi angemeza. Lakini Aleyamma alikuwa amekwishapeleka jina parokiani. Jumapili baada ya misa, wanafunzi wote waliovuka sitini wangeitwa mbele kupewa zawadi, na orodha ilikuwa mezani kwa Padri Ouseph tangu Jumatano. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili Jismi aliomba, akabembeleza, akanuna, akakataa muhogo na samaki, akavila usiku uliofuata kwa hasira. Mama yake alikuwa na jibu moja: "Utasimama, utapokea, utashuka. Dakika moja. Kristo alining'inia saa tatu."

Jumapili akasimama. Padri alisoma: "Jismi Kuriakose, uuguzi, sitini na nane!" Makofi. Jismi akapanda, akasogea kwenye kipaza sauti badala ya kwenye kombe la zawadi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele na milele, binti."

"Baba, orodha imekosea. Nimepata hamsini na nane. Lakini nimefaulu yote."

Aleyamma, benchi la tatu upande wa wanawake, alijifunika uso kwa ncha ya sari. Padri Ouseph alimtazama Jismi, akatazama orodha, akatazama tena Jismi. Kisha uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata mahubiri ya wiki ijayo bila jasho.

"Mmesikia?" alinguruma. "Mmesikia, wazazi? Watoto wa siku hizi huongeza alama. Huyu anapunguza! Unyenyekevu huu umetoka wapi? Huu ni unyenyekevu wa Bikira Maria mwenyewe!"

"Hapana, Baba, ni kweli kabisa, hamsini..."

"Bado anapunguza!" Padri alicheka hadi machozi. "Mpigieni makofi, la sivyo tutafika arobaini!"

Wakampigia makofi wamesimama. Jismi akarudi benchi na kombe la bati lililoandikwa MWANAFUNZI BORA, akiwa na hamu ya kumpiga nalo mtu, ila watu waliostahili walikuwa wengi na kombe lilikuwa moja.

Jumatatu alfajiri alikata tano kubwa kutoka mgongo wa kalenda, akaikoleza kwa wino mweusi. Mtakatifu Yosefu alikuwa upande wa pili, akaombwa radhi. Akaenda shambani, ambako baba yake alikuwa akizunguka miti ya mpira na ndoo yake.

"Baba, gundi gani haibanduki?"

Kuriachan hakuuliza ya nini. Alitazama ile karatasi, akatazama upande wa njia panda, akamimina utomvu mweupe kwenye kifuu cha nazi, akamkabidhi.

"Paka pande zote mbili," alisema. "Subiri kidogo ndipo ubandike. Na mimi sijakuona."

Kwenye nguzo, ngazi ya fundi wa umeme ilikuwa imeachwa hapo tangu mvua za mwaka jana, kama kawaida. Jismi akapanda, akapaka, akasubiri, akabandika. Tano ikakaa juu ya sita. Utomvu wa mpira ukishashika, hata shetani na kucha zake hawezi. Alishuka, akaitazama. 58. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alihisi tena ile furaha ya ngazi za bweni, kabla watu hawajaanza kuirekebisha.

Ilidumu saa moja na nusu.

Alipotoka nyumbani na begi lake kuelekea kituo cha basi, alisikia sauti ya mama yake toka mbali. Aleyamma alikuwa kwenye baraza la Saramma, jirani yao wa mkabala na kanisa na kituo cha basi, kidole hewani.

"Umepanda nguzo na mwili wako huo, Saramma! Wivu umekupandisha!"

"Mimi?" Saramma alikuwa na upawa mkononi. "Magoti yangu hayapandi hata altareni, yatapanda nguzo? Nenda ukamwulize huyo Antoni wako!"

"Mtakatifu usimtaje kwa mdomo ambao haujapigwa mswaki!"

"Mama," Jismi alisema, akiingia getini. "Ni mimi."

"Nyamaza, usimtetee!"

"Ni mimi nimebandika. Tazama vidole." Utomvu ulikuwa umekauka kwenye kucha zake, ukageuka mweusi.

"Mmeona mtoto alivyo na huruma?" Aleyamma aliwauliza watu wa kituo cha basi, ambao kwa wakati huo walikuwa wameacha kabisa kungoja basi. "Anambebea jirani dhambi! Hata Padri alisema!"

Jismi alitaka kupiga kelele. Hata kosa lake mwenyewe alikuwa ananyang'anywa. Lakini alipofungua mdomo alimwona mama yake vizuri. Uso ulikuwa umekuwa mwekundu hadi masikioni, mkono mmoja umeshika nguzo ya baraza, na midomo inatafuta maneno ambayo jana yangekuja yenyewe.

"Kaa chini," Jismi alisema.

"Sijamaliza na..."

"Kaa, mama! Shangazi Saramma, kiti tafadhali."

Saramma, adui wa mwaka mzima, alileta kiti kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yamekana. Jismi akatoa kipimo cha presha begini, akamfunga mama yake mkono, akaminya mpira, akasikiliza. Kituo kizima kikasogea karibu.

"Ngapi?" mama yake alinong'ona.

"Mia moja sitini na nane. Chini tisini na nane."

Aleyamma alimtupia Saramma jicho. Akamvuta binti yake shingo. "Sema hamsini na nane," alinong'ona. "Mtu anasikia."

"Sitini na nane si ndiyo uliyokuwa unaitaka?"

"Wewe mtoto! Nipunguzie kumi tu."

"Sipunguzi. Kidonge cha asubuhi umekunywa?"

Aleyamma akaanza kuweka sawa sari yake.

"Mama. Umekunywa?"

"Tangu Alhamisi sijanywa. Nilikuwa na shughuli za bango."

"Nikikuandikia hamsini na nane, jioni utasema ni afadhali, nusu kidonge kinatosha. Kesho utaanguka jikoni na kikunio mkononi. Namba ni sitini na nane. Lete maji, Shangazi."

Maji yakaja. Jismi alichomoa kidonge kwenye mkoba wa mama yake, ambamo vilikuwepo vyote kumi pamoja na risiti ya bango. Aleyamma akameza bila ubishi, jambo ambalo majirani walilitazama kama muujiza uliokosa padri wa kuuthibitisha. Basi lilikuja, likapiga honi, likaondoka bila mtu. Jismi akapima tena baada ya robo saa, kwa saa yake ya mkononi, midomo ikihesabu. Mia moja sitini na mbili. Akaisema vile vile, kwa sauti ile ile.

Mama yake alikaa akimtazama vidole vyake vyenye utomvu vikikunja ule mpira taratibu na kuurudisha kwenye begi. Kisha akanyanyua shingo kuelekea kwa Saramma.

"Umeona?" alisema, kwa nguvu za kutosha kuvuka barabara. "Huyo ni hamsini na nane. Sabini na nne wako anajua kupima presha?"

Jismi akafunga zipu ya begi hadi ikakwaruza. Siku nne alikuwa akingoja mama yake aitaje ile namba kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa ameitaja, na ameitaja kumrushia jirani kama jiwe.

"Tintu wangu anapima hata sukari!" Saramma alifoka.

"Alete tumwone!"

"Mama, presha," Jismi alisema, akaenda kungoja basi la pili.