Insha ya Cholpon

Mwalimu Burulkan alifungua blogu ya darasa la nane kwa sababu alichoka kusoma insha zilizoandikwa kumridhisha mkaguzi. Wanafunzi wa kijiji cha At-Bashy walisifu milima yao kana kwamba waliiona kwenye kalenda tu. Lakini wazazi wengi walikuwa Moscow wakifagia mitaa, na walipoanza kusoma blogu kwenye simu na kuacha maoni, ghafla darasa zima likajua kuandika.

Aliyewapita wote ni Cholpon. Kama ilivyo desturi yao kwa mtoto wa kwanza, bibi yake Sairakan alimchukua angali mchanga, akamlea kama bintiye. Cholpon alimwita bibi huyo mama. Na mama yake mzazi, Aida, aliyekuwa huko Moscow, Cholpon alimwita dada. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Cholpon akaandika insha: "Dada Aliyenizaa."

Burulkan aliisoma, akarekebisha vituo na mikato, kazi aliyoimudu kuliko zote, akaichapisha.

Kesho yake Sairakan aliingia darasani bila hodi.

"Mwalimu, miaka yote hii mimi ni mama. Umenifanya bibi kwa usiku mmoja!"

"Insha ni nzuri sana, mama. Nzuri mno."

"Uzuri wake kaupikie supu! Jirani kanipigia simu kunipa pole. Pole ya nini? Nimefiwa?"

Wanafunzi walicheka. Cholpon hakucheka. Burulkan, ambaye wakaguzi hawakuwahi kumtoa jasho, alifungua kompyuta aifute insha papo hapo. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa Aida, neno moja tu: "Mwanangu." Aliliona huku kidole kikibonyeza. Vyote vikaenda pamoja.

Kipindi kilipoisha, Cholpon alibaki.

"Mwalimu, wenzangu wanasema dada aliniandikia. Alisema nini?"

Sairakan alikuwa bado kwenye ukumbi, akimfokea mkuu wa shule.

"Alikusifu. Alisema unaandika vizuri."

"Basi?"

"Basi."

Aida hakuandika tena. Blogu iliendelea, ikasifiwa hata mkoani, na Burulkan akaitwa kuwafunza walimu wengine. Wakimuuliza ugumu wa kazi hiyo, husema mtandao ni wa polepole.

Cholpon sasa ni mke wa mtu, na mara kwa mara hukutana na mwalimu wake sokoni. Kila mara Burulkan hujiandaa kulisema lile neno, likafika mpaka kwenye ulimi. Kisha humuuliza habari za mifugo.