Wageni Wasimame

Jumapili ile nilipewa mimbari katika usharika wetu wa Machame kwa sababu moja tu: mchungaji aliamini kwamba mtu aliyefika chuo kikuu hakosi la kusema. Nilihubiri juu ya uraia wa mbinguni. Nilisema ubatizo hauulizi rangi, na kwamba Kanisa halina mgeni. Kina mama waliitikia vizuri, nami nikavimba kichwa.

Kwa kuwa maiki nilikuwa nayo bado, mchungaji akaniachia na matangazo. Kwetu matangazo hutanguliwa na wageni kusimama wasalimie. Wakasimama wawili watatu. Kisha nikamwona mwanamume mweupe kwenye benchi la nyuma. Nikamhimiza kwa ukarimu, nikachomekea na Kiingereza kidogo: asione haya, asimame tumkaribishe Tanzania.

Kanisa zima likageuka nyuma kumtazama. Akasimama, akasalimia kwa Kichagga, akasema amezaliwa hapo juu ya barabara, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa mama yake, na alibatizwa papo hapo niliposimama. Babu yake mmoja alikuwa Mzungu wa shamba la kahawa. Hilo hakulisema, niliambiwa baadaye. Mimi ninayeishi Shirimatunda, kule mjini, nikipanda Machame Krismasi na kwenye misiba, hakuna aliyenitaka nisimame.

Baada ya ibada mtaa wake ulikuwa uchague mzee wa kanisa, wa kuwazungukia waumini majumbani, na jina lililotajwa na wengi lilikuwa lake. Wakakusanyika nje, karibu na mikungu ya ndizi ya sadaka iliyosubiri mnada. Mzee mmoja mcheshi akauliza, "Sasa jamani, mgeni ndiye atakayetutembelea sisi wenyeji?"

Wakacheka. Nami nilicheka, nilidhani kicheko kingenipunguzia aibu. Yeye pia alitabasamu, kisha akaomba jina lake liondolewe. Walimchagua mwingine.

Nilimfuata getini nikamwomba radhi.

"Usijali, kaka," akasema. "Wenzako neno hilo la mgeni huwa wanalisema pembeni. Wewe ulikuwa na maiki tu."

Nilimwendea mchungaji, nikataka Jumapili nyingine nikiri kosa mbele ya washarika.

"Ukikiri," akasema, "wote watageuka nyuma wamtazame tena."

Nikakubali upesi, upesi mno, kwamba afadhali ninyamaze. Mpaka leo sijui kama nilikubali kwa ajili ya yule mwanamume.