Siku Mnyororo Ulipokula Buibui Langu

Chekeni, lakini chekeni upesi nimalize, kwa sababu aibu yangu hii Wawi nzima wanaijua, mmebaki nyinyi tu. Mume wangu Seif alikuwa karani, kazi ya kukaa kutwa, na daktari alishamwambia moyo wake umelemewa, apande baiskeli kwenda kazini mjini Chake kila siku, ndiyo dawa yake. Akanunua baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akaifunika shuka (shuka langu!), na kila asubuhi akaenda kungoja gari, anapumua kama aliyebeba gunia. Mimi nina mtoto wa miezi saba, sikutaka akue akisimuliwa babaake.

Basi asubuhi moja hasira zikanipanda, nikamwachia mama mkwe mtoto, nikavaa buibui, nikaipanda baiskeli mimi (kaka yangu alinifundisha utotoni, kwa siri), nia yangu nimpite pale anapongojea gari, mbele ya wenziwe, aone haya. Kulikunja buibui nikaona napoteza wakati. Nikapiga kengele, nikasikia mtu anasema, "Yakhe Seif, baiskeli yako yapita na mkeo!" na hapo hapo mnyororo ukaudaka upindo, ukavuta, nami nikaingia mzima mzima kwenye majamvi ya karafuu za Bi Time, zilizoanikwa kando ya njia.

"Uu! Mwana wewe, hu mzima?" Bi Time akapiga kelele. "Karafuu zangu!"

Kuinuka siwezi, maana nikiinuka buibui linabaki kwenye mnyororo na wanaume wote wanatazama. Nikamwona Seif anakuja mbio. Mbio! Akasimama mbele yangu kunikinga, akawaambia, "Geukeni huko!" akapiga magoti, akalichomoa buibui kidogo kidogo, kanzu yake nyeupe yote grisi, kifua kinapanda kinashuka hata nikaogopa.

"Umeumia, Mama Salma?"

"Ungepanda wewe nisingeumia," nikamjibu, nikaangua kilio.

Tukamwokotea Bi Time karafuu zake hadi ya mwisho, kisha akaniketisha kwenye keria, akanirudisha nyumbani akikanyaga polepole, sikio langu liko mgongoni pake, nausikiliza moyo ule.

Kesho yake gari liliondoka bila yeye. Siku hizi kilima cha kuingilia Chake anakipanda huku anaimba (vibaya). Mimi nimekula yamini, usukani sishiki tena. Kazi yangu kila asubuhi ni kumkunjia kanzu na kuibana kwa kibanio cha nguo, na nikiona upindo umening'inia hata kidogo, namrudisha mlangoni kwa ukali.