Arbuni ya Fundi Makame

Mwaka wa uhuru, Makame, seremala wa Pasiansi, alichoka na nyumba ya udongo. Mjini kulikuwa na nyumba ya mawe inauzwa, akaitaka kabla hajapata wa kununua yake. Hela hana, basi akatoa arbuni ya kifundi: aling'oa mlango wake wa mninga, alioutia nakshi miaka miwili, akampelekea muuzaji ili amngojee mwezi mmoja.

"Na sisi tufunge nini?" mkewe Mwaija akauliza.

"Funga mdomo. Tunahama."

Wateja wa nyumba walikuja, wakakuta gunia limening'inia na mbuzi wa jirani wanatoka sebuleni. Wa mwisho alikuwa Okomo, mvuvi.

"Fundi, mlango uko wapi?"

"Nimeutanguliza mjini."

"Basi pole. Mimi nilitaka mlango. Hili banda ningelichukua kwa kukuonea huruma."

Mwezi ukaisha. Makame akaenda kudai mlango wake, akaambiwa arbuni hairudi, na nyumba ameshainunua Okomo.

Aliporudi, Mwaija alikuwa ameondoka kwenda kwao Kisesa. Hakuhangaika kumwachia jirani ufunguo.