Kijiti Kilichokosekana Kileleni

Jambo la kwanza Asmaa aliloliona kwa Mwalimu Roseline Adoyo ni chaki. Mwanamke huyo aliandika kana kwamba ubao umemtukana. Chaki ilikatika, naye akaendelea na kipande kilichobaki, kidogo kama jino la mtoto, mpaka kucha zikakwaruza. Asmaa, aliyetoka chuo kikuu juzi tu na kuletwa Sindo kufundisha, alidhani ni hasira ya siku moja. Muhula ulipokwisha alijua kwamba ndivyo alivyo.

Miaka kumi na tisa Roseline alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule ile ya kutwa kando ya ziwa. Alikasirika shule ilipoletewa hadithi za theluji na farasi. Alikasirika zaidi wanafunzi walipoandika insha za kutisha, wote wakaweka jumba la mawe lenye ngazi ndefu, ilhali hakuna aliyewahi kulala ghorofani. Hasira hiyo ndiyo iliyomkalisha chini akaandika riwaya yake mwenyewe ya vijana na mizimu, kurasa mia na arobaini kwa kalamu. Asmaa aliipiga chapa wakati wa likizo, kwa taipureta ya baba yake, Mzee Abdikarim, nyuma ya duka lao la vitambaa mjini Migori.

Mwezi wa tano mwaka 1996 mswada ulirudi kutoka kwa mchapishaji wa Nairobi, pamoja na barua ya mhariri. Roseline aliisoma akiwa amesimama katika chumba cha walimu.

“‘Mandhari hayatishi. Nyumba ya baba iwe mbali na watu, iwe na ukungu, na bundi juu ya paa. Kijana hataogopa kijiti. Bila mabadiliko haya hatutauchapisha.’ Bundi! Wamemwona wapi bundi anayengoja hadithi ianze ndipo atue?”

“Mwalimu, bundi ni ishara inayojulikana,” Asmaa alijaribu. “Chuoni tulifundishwa kwamba ishara nzuri—”

“Inajulikana na nani?”

“Na wasomaji.”

“Na hawa wanafunzi wangu ni nini, dagaa omena?” Akamgeukia. “Wewe uliupiga chapa wote. Apondi anapotoka nje akatazama paa, uliona nini?”

Asmaa aliukumbuka ukurasa huo. Apondi anarudi nyumbani kutoka shule ya bweni, wadudu wa ziwani wakipanda angani kama moshi. Anamkuta baba yake anakula ugali, naye baba anamuuliza habari za mtihani, anacheka. Kisha msichana anatoka kumwaga maji.

“Niliona paa limeharibika,” akasema kwa sauti ndogo. “Nilifikiri ni upepo.”

“Upepo!” Mswada ulitua mezani kwa kishindo, chai ikamwagika. “Njoo.”

Alimwongoza moja kwa moja hadi kidato cha pili, akaanza kusoma bila hata salamu. Baba wa Apondi alipomega tonge la tatu, Maurice, mcheshi wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kama mizimu hula hivi, basi mimi niandikisheni!”

Darasa likaangua kicheko. Roseline hakutabasamu. Aliendelea kusoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

“Apondi akamwaga maji, akainua macho. Osuri haikuwapo.”

Kicheko kilikatika. Lynnet, msichana wa dawati la mbele, alijifunika mdomo. Maurice aligeuka dirishani, akalitafuta paa la kwao mlimani, akalitazama kwa muda mrefu.

“Mwalimu Asmaa hajui,” Roseline akasema. “Mwambieni.”

“Osuri ni kile kijiti cha kileleni, juu ya nyumba ya mwenye boma,” Lynnet akajibu. “Akifa, kinavunjwa.”

“Kwa hiyo yule anayekula ndani…” Asmaa akanong'ona. Malaika yalimsimama mikononi.

Sasa hasira ikawa yake. Aliikasirikia barua, akazikasirikia daftari zake za chuoni zilizosema giza ni uovu na weupe ni usafi, kisha akajikasirikia mwenyewe. Hata hivyo lilikuwapo neno ambalo lazima alitamke.

“Mwalimu, mimi nimezaliwa Migori, chini ya mabati, nami sikukiona. Wa Nairobi watakionaje? Usiwafafanulie. Katika sura ya kwanza mwonyeshe baba akipanda paani kukiweka. Nikishamwona akikiweka, kikikosekana nitaogopa mwenyewe.”

Roseline alimtazama kama mwanafunzi aliyetoa jibu sahihi kwa mwandiko mbaya.

“Mbona hukuniuliza ulipokuwa ukipiga chapa?”

“Nilikuogopa.”

“Ogopa kitabu, nyara, binti yangu. Mimi mama yako usiniogope.”

Wiki hiyo Roseline aliandika kurasa nne, akazituma na barua fupi: bundi hatakuwapo, njoo uketi darasani usikie. Mhariri, Bwana Ondieki, alijibu kwamba angefika Ijumaa. Akiridhika, riwaya itakwenda mtamboni na kijiti chake. Asiporidhika, atauacha mswada Sindo.

Ijumaa saa nne asubuhi kidato cha pili kilikuwa kimeketi kimya, na kiti kimoja kitupu kimewekwa mbele. Roseline alikwisha kuvunja chaki tatu.

“Akitaja tu bundi…”

“Mwalimu, hata hujamwona.”

“Hasira yangu imeshamwona.”

Maurice, aliyekataa kuondoka dirishani, akapaza sauti kwamba vumbi linakuja barabarani. Wote wakainuka. Kisha akasema ni ng'ombe, na Roseline akachukua chaki nyingine.