Mchanga wa Bomba Jeupe

Walisema Nesta ndiye aliyempofusha mumewe kwa sauti yake. Walisema mbele ya ukoo mzima, kisha wakamtoa nyumbani na chungu kimoja na kanga aliyovaa, wakambakiza binti yake, Ruti. Aliyelitamka neno hilo kwanza ni Lusubilo, kaka mkubwa wa mumewe.

Zamani Nesta asingethubutu kulitaja jina hilo. Baba mkwe alipofariki, Lusubilo alirithi kigoda cha mzee, na kwa desturi akawa yeye ndiye mkwe. Nesta asimtazame usoni, asiseme naye, asimtaje. Wakikutana njiani, Nesta ndiye anayeingia majanini mpaka mkubwa apite. Sasa anamtaja. Anamtaja akipalilia, anamtaja akiteka maji, na mdomo wake haujaota vidonda kama walivyomwambia utaota.

Mambo yalianza na gari. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Vwawa, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, aliletewa gari likiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Akawa analiunga mwenyewe kwenye banda la kahawa. Injini aliitoa kwenye lori bovu. Siku alipoiwasha bila bomba la moshi, ng'ombe wa jirani walivunja zizi, na Nesta, aliyekuwa akichuma kahawa pale shambani, alijitupa chini akidhani ardhi inapasuka. Alipoinua kichwa aliona moto ukitoka ubavuni mwa ile injini kama ulimi. Tangu siku ile aliliogopa gari lile kama mtu anavyoogopa mbwa aliyekwisha kumwuma.

Nikodemo, mpishi wa Bwana, ndiye aliyeleta ujumbe kwa Anyelwisye, mume wa Nesta.

"Fundi, Bwana anataka bomba la moshi. La chuma cha kawaida hataki, anasema mvua ya huku inakula chuma kama mchwa. Anayo mabomba ya mashine ya maziwa, meupe, hayashiki kutu. Anataka uyakunje yapite chini ya gari mpaka nyuma."

"Mimi nafua majembe," Anyelwisye akasema.

"Basi fua jembe refu lenye tundu."

Wakacheka wote wawili. Nesta alikuwa akipepeta ulezi mlangoni, hakucheka.

Anyelwisye alikuwa mtu wa ukoo wa wahunzi. Babu zake waliyeyusha mawe wakapata chuma, na watu walitoka mbali, hata Ivuna, kubadilisha chumvi kwa majembe yao. Lakini majembe ya dukani yalikuwa yamejaa, na mivukuto yake ilikuwa ikikaa siku nyingi bila kupulizwa. Kazi hii aliipokea kwa furaha ya mtu aliyesahauliwa.

Bomba la kwanza lilimshinda. Alilichoma likawa jekundu, akalikunja, likabonyea kama bua lililokanyagwa. Bwana Miwani akaja mwenyewe, akachuchumaa kwenye majivu, akaonyesha kwa mikono huku Nikodemo akitafsiri. Lijazwe mchanga, ushindiliwe, ncha zote mbili zizibwe kwa vigingi vya mti, ndipo lichomwe na kukunjwa. Mchanga hautaliacha bomba libonyee.

"Lakini uwe mkavu kabisa," Nikodemo akasema. "Anarudia hilo. Maji yakiwa humo ndani, yakipata moto hayana pa kutokea."

Anyelwisye alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mama Ruti, wewe ndiye unayejua kukaanga. Nikaangie mchanga."

"Na ukibaki na maji?"

"Litakuwa bunduki, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yake."

Alisema kwa mzaha. Nesta aliuchukua mzaha huo akauweka moyoni kama jiwe. Alichekecha mchanga wa mtoni, akaumimina kwenye kigae kipana cha kukaangia, akauchochea kama mahindi. Mchanga unadanganya: juu unaonekana mkavu, chini bado unavuta pumzi. Kwa hiyo alichukua jembe baridi akalishika juu ya kigae. Likitoka jasho, anaendelea kukaanga. Lilitoka jasho mara nyingi. Alipoona limebaki kavu kama lilivyokuwa, ndipo aliupeleka mchanga, naye akaishia kwenye jiwe la mpaka wa kiwanja cha kufulia chuma. Moto ukiwaka, mwanamke halivuki jiwe lile, wala sauti yake haitakiwi kusikika pale.

Alisimama nyuma ya jiwe akisikia mumewe akigonga ubavu wa bomba ili mchanga ushuke. Akaona likitiwa motoni. Kona ya kwanza ilikuja vizuri, imepinda kama shingo ya kibuyu. Ya pili nayo ikaja. Kila mara Nesta alikaanga, akapima kwa jembe, akasimama nyuma ya jiwe.

Ilibaki kona ya kuungia kwenye injini. Siku hiyo Lusubilo akatokea, akirudi kupitia Tunduma kutoka kwa wakwe zake wa ng'ambo ya mpaka wa nchi. Alikuta moto unawaka.

"Mmeanza kazi mpya bila mdomo wa mzee?"

"Kaka, hili si jembe," Anyelwisye akasema. "Ni bomba la Mzungu."

"Moto ni wa Mzungu?"

Kwao kazi mpya hufunguliwa na mkubwa wa nyumba: hutia kinywani maji yaliyokorogwa na unga wa ulezi, akayapuliza juu ya vyombo. Lusubilo aliomba kibuyu. Akapuliza juu ya mivukuto, akapuliza juu ya nyundo. Kisha akainama juu ya kigae cha mchanga akajaza mashavu, akapuliza, akajaza tena akapuliza.

Nesta aliona matone yakipiga mchanga na kuufanya mweusi. Alingoja mumewe aseme. Mumewe alichukua konzi ya kwanza akaimimina ndani ya bomba.

Mbele yake palikuwa na jiwe asilopaswa kulivuka, na mkwe ambaye yeye hapaswi kusema mbele yake. Hofu mbili zilimshika, moja ya desturi, moja ya bomba, na ya bomba ikashinda. Alikaza macho chini, akasema bila kupaza sauti:

"Baba Ruti. Mchanga umelowa."

Lusubilo hakumjibu, maana hata yeye haruhusiwi. Alimgeukia mdogo wake.

"Kuna ndege analia hapo kwenye jiwe. Mwambie mate ya wazee hayalowanishi, yanabariki."

Anyelwisye alitazama mchanga. Alimtazama kaka yake. "Ni kidogo tu, Mama Ruti. Nenda nyumbani."

"Niukaange tena. Moto si huo hapo?"

"Ndege bado analia," Lusubilo akasema, akakaa kwenye mvukuto.

Anyelwisye akashindilia mchanga, akapiga kigingi.

Nesta hakwenda nyumbani. Alishika jiwe kwa mikono miwili. Bomba lilianza kuwa la rangi ya kahawa mbivu, kisha jekundu zaidi. Ncha moja ilimwelekea Anyelwisye, aliyeinama akitafuta mahali pa kushika kwa koleo. Kigingi kikaanza kutoa sauti nyembamba, kama mtoto anayenyonya. Nesta alifungua mdomo, na safari hii sauti haikutoka kabisa.

Kishindo kilikuja kabla hajavuta pumzi. Kigingi kilipita kando ya sikio la Anyelwisye. Mchanga wa moto uliingia wote machoni.

Walimpeleka zahanati kwa machela. Aliishi. Macho hayakurudi.

Ukoo ukaketi. Lusubilo akasema moto ulisikia sauti ya mwanamke ukakasirika, na kila aliyekuwapo aliisikia. Wakamwuliza Anyelwisye, aliyekaa na kitambaa usoni: je, mkeo alisema pale kwenye moto?

"Alisema."

Hakuna aliyeuliza alisema nini. Naye hakuongeza. Nesta alisimama nje ya ua akingoja aongeze, akahesabu pumzi zake mwenyewe, akasikia wazee wakiinuka na kukung'uta nguo.

Sasa anaishi Itumba, kwenye shamba la kaka yake Osea. Bwana Miwani alitafuta fundi mwingine akamalizia kona ile, na mara chache gari hupanda milima ya huku. Nesta hulitambua kabla halijaonekana. Linanguruma kwa utulivu, kupitia kona mbili ambazo mchanga wake aliukaanga yeye, na yeye huingia majanini mpaka lipite.

Mwaka huu kahawa ikishavunwa Ruti ataolewa. Lusubilo ndiye atakayeifungua ndoa hiyo, atie maji na unga kinywani, ampulizie bwana na bibi harusi. Nesta amekwisha kuambiwa asimame nje ya ua, asije akaharibu kingine. Anaogopa siku hiyo. Anaogopa Ruti akipata shida ya kwanza katika ndoa, wataitafuta tena sauti ya mama yake.

Anachodai si kikubwa. Kwa Anyelwisye anadai neno lililobaki baada ya "alisema": alisema mchanga umelowa, nami nikasikia. Kwa Lusubilo anadai neno moja, litoke katika kinywa kilekile, kabla hakijajazwa maji ya kumpulizia binti yake: niliulowanisha mimi.

Bado hawajalisema.